Kupima laini ya faiba iliyokwisha kulazwa: kutoka uso wa konekta hadi biti ya mwisho

Kabla hujawasha mashine yoyote, chukua kalamu uandike namba moja: upotevu wa mwanga unaoutarajia kwenye laini hiyo. Fundi anayefika na mashine ghali bila namba hiyo ataamini chochote kitakachotokea kwenye skrini. Mwenye namba yake hadanganyiki kirahisi. Laini iliyotakiwa kusoma desibeli 8 ikisoma 11, anajua kuna tatizo kwenye faiba. Ikisoma 3, anajua kuna tatizo kwenye upimaji wake.

Mwongozo huu ni wa laini ambayo kebo imeshalazwa, splaisi (maungio ya nyuzi yaliyochomelewa) zimefungwa, paneli zimewekwa pande zote mbili, na bado hakuna mtambo uliounganishwa. Mifano mingi ni ya singomodi, uzi wa kiini chembamba wa masafa marefu. Maltimodi, yenye kiini kikubwa na masafa mafupi, nitaigusa kwa ufupi inapotofautiana.

Kwanza, macho na mashine

Mwanga wa nanomita 1310 na 1550 (urefu wa mawimbi yake) hauonekani. Hutaona mwangaza wala kuhisi joto, na jicho linaweza kuumia bila dalili ya papo hapo. Usiangalie mwisho wa uzi kwa jicho wala kwa hadubini ya lenzi ya moja kwa moja kabla hujaweka mita ya nguvu ya mwanga na kuhakikisha hakuna kitu ndani. Tumia hadubini ya kamera yenye skrini ukiweza. Tahadhari hiyo hiyo inailinda OTDR, mashine inayotafuta kosa kwa kusikiliza mwangwi wa mwanga: ukiichomeka kwenye uzi wenye mwanga wa mtambo, kipokezi chake kinaweza kufa papo hapo. Vipande vya uzi vilivyokatwa vitupe kwenye chupa yenye kifuniko. Kioo chembamba hivyo kikiingia kwenye ngozi hakionekani, na kukitoa ni kazi.

Hesabu ya bajeti

Desibeli hukusanyika kwa kujumlisha, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Desibeli 3 maana yake nusu ya mwanga imepotea. Desibeli 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Charles Kao na George Hockham walipoandika mwaka 1966 kwamba kioo kingeweza kubeba mawasiliano, lengo walilotaja lilikuwa desibeli 20 kwa kilomita. Kwa uzi wa sasa kwenye nanomita 1550, desibeli 20 zinakufikisha takriban kilomita 100.

Tuchukue laini ya kilomita 18, uzi wa aina ya G.652.D (singomodi ya kawaida), kebo iliyokuja kwa magurudumu ya kilomita 4. Magurudumu matano yanaleta splaisi nne za njiani, na mikia ya paneli, vipande vifupi vya uzi vyenye konekta upande mmoja, inaongeza splaisi moja kila upande. Jumla splaisi sita, na jozi mbili za konekta.

Kwa nanomita 1310, weka desibeli 0.35 kwa kilomita: 18 × 0.35 = 6.3. Splaisi sita kwa 0.1 kila moja, 0.6. Konekta mbili kwa 0.5, 1.0. Jumla 7.9.

Kwa nanomita 1550, weka 0.22 kwa kilomita: 18 × 0.22 = 3.96. Ongeza 1.6 ile ile, unapata 5.56.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka. Viwango vya TIA, chama cha sekta ya mawasiliano cha Marekani, vinaruhusu hadi desibeli 0.75 kwa jozi ya konekta na 0.3 kwa splaisi. Ukijaza vikomo hivyo kwenye hesabu, splaisi na konekta zetu zinafika desibeli 3.3 badala ya 1.6. Ile tofauti ya 1.7 inatosha kuficha uzi uliobanwa vibaya au konekta chafu, na mashine itaandika "imefaulu" kwa rangi ya kijani. Ndiyo maana napendelea kuwa na namba mbili: kikomo cha mkataba, na namba ya kazi nzuri. Ya kwanza ni ya makabidhiano. Ya pili ni ya kwangu.

Linganisha pia na mtambo utakaounganishwa. Transiva (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga) za 10GBASE-LR, Etheneti ya gigabiti 10, zimekusudiwa kilomita 10 na upotevu wa laini usiozidi desibeli 6.2, kwa hiyo laini yetu haziitoshi hata kama kazi imefanywa kwa ustadi wote. Utahitaji za masafa marefu zaidi, zinazotumia 1550. Kinyume chake nacho ni hatari: transiva ya masafa marefu kwenye laini fupi humwagia kipokezi mwanga kupita kiasi, na hapo inabidi uweke kipunguza mwanga.

Uso wa konekta

Kiini cha uzi wa singomodi ni kama mikromita 9, ndani ya kioo cha mikromita 125. Punje moja ya vumbi isiyoonekana kwa macho inaweza kufunika njia yote. Na haikai kimya: ukizibana konekta mbili zenye punje katikati, unaisaga kwenye kioo, na uchafu unageuka mkwaruzo wa kudumu.

Kwa hiyo: angalia, safisha, angalia tena, ndipo uunganishe. Kila mara, hata konekta mpya iliyotoka mfukoni, maana kifuniko cha plastiki chenyewe huacha mabaki. Anza na kalamu ya kusafishia kavu. Isipotosha, tumia kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi chenye tone la pombe ya isopropili, kisha pitisha sehemu kavu papo hapo kabla pombe haijakauka yenyewe na kuacha doa. Usisahau konekta iliyo ndani ya paneli, upande wa pili wa adapta. Hiyo ndiyo haisafishwi na mtu, kwa sababu haionekani.

Kiwango cha IEC 61300-3-35 kinaugawa uso wa konekta katika maeneo, na eneo la kiini ndilo lenye masharti makali kuliko yote. Hadubini nyingi za sasa zinatoa hukumu zenyewe. Piga picha na uihifadhi. Miezi sita baadaye, mtu akidai konekta ilikuwa na mkwaruzo tangu mwanzo, picha itajibu.

Angalia rangi pia. Kijani ni APC, iliyosagwa kwa pembe ya digrii 8 ili mwanga unaoakisiwa utoke nje ya kiini. Bluu ni UPC, isiyo na pembe hiyo. Hizi mbili haziungani. Zitaingia kwenye adapta bila ubishi, lakini nyuso hazigusani sawasawa, upotevu unapanda na konekta zote mbili zinaweza kuharibika.

Upotevu kwa chanzo cha mwanga na mita

Hiki ndicho kipimo cha hukumu. OTDR inakadiria upotevu kwa mwanga unaorudi. Chanzo na mita vinapima mwanga uliofika kweli, kama mtambo utakavyoupokea.

Washa chanzo cha mwanga, kiache kitulie dakika tano hadi kumi. Kikiwa baridi nguvu yake huyumba. Weka urefu wa mawimbi ule ule kwenye chanzo na kwenye mita. Mita iliyowekwa 1550 huku chanzo kikitoa 1310 itakupa namba safi kabisa, ya uongo.

Sasa weka rejea, yaani sifuri ya kulinganishia. Njia ya pachikodi (kebo fupi ya kuunganishia) moja ndiyo sahihi zaidi kwa laini inayoishia kwenye paneli pande zote mbili:

1. Unganisha chanzo na mita kwa pachikodi ya kwanza, yenye ubora wa rejea. Bonyeza kitufe cha kuweka sifuri.
2. Chomoa upande wa mita tu. Upande wa chanzo usiuguse tena mpaka kazi iishe, kwa sababu kila ukichomeka upya kiasi cha mwanga kinachoingia kinabadilika na rejea yako imekufa.
3. Weka pachikodi ya pili kwenye mita, ziunganishe pachikodi zote mbili kwa adapta. Hapa mita inatakiwa isome karibu na sifuri, desibeli 0.1 au 0.2. Ikisoma 0.5 au zaidi, pachikodi ni chafu au imechoka. Safisha au tupa.
4. Zitenganishe kwenye adapta, mwenzako aende na mita na pachikodi ya pili upande wa mbali, mchomeke kwenye paneli, msome.

Kwa njia hii kipimo kinahesabu konekta za pande zote mbili za laini. Ukiweka rejea kwa pachikodi mbili, konekta moja inatoweka kwenye hesabu. Kwa tatu, zinatoweka zote mbili. Si kosa kutumia njia hizo, na wakati mwingine aina ya konekta za mita haikuachii hiari, ila andika kwenye ripoti umetumia ipi. Namba isiyo na njia ya rejea haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Pima 1310 na 1550, pande zote mbili. Na mita ikionyesha kwamba mwanga umeongezeka njiani, usifurahi. Kioo hakitengenezi mwanga. Rejea iliwekwa kupitia konekta chafu, rudi hatua ya kwanza.

Kwa maltimodi kuna jambo la ziada: namna mwanga unavyoingizwa kwenye kiini kikubwa hubadilisha matokeo. Tumia pachikodi za rejea zilizokidhi masharti ya usambazaji wa mwanga ya IEC 61280-4-1, au zungushia pachikodi kwenye kibomba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Bila hivyo mafundi wawili watapima uzi mmoja na kupata namba mbili, wote wakiwa waaminifu. Na bajeti zake ni finyu: Etheneti ya 10GBASE-SR kwenye OM3, daraja mojawapo la maltimodi, inakwenda mita 300 kwa desibeli 2.6, na 100GBASE-SR4 kwenye OM3 hiyo hiyo inaishia mita 70 kwa desibeli 1.8. Jozi mbili za konekta zilizo kwenye ukingo wa 0.75 zimeshakula karibu yote.

OTDR: kusoma mwangwi

Mita inakwambia kiasi gani kimepotea. OTDR inakwambia kimepotelea wapi. Inarusha mpigo wa mwanga na kusikiliza kinachorudi, kama mtu anayepiga kelele bondeni na kuhesabu muda wa mwangwi.

Weka kwanza uzi wa kutangulizia kati ya mashine na paneli, mita 500 hadi kilomita 1 kwa singomodi. Mashine hupofuka kwa muda baada ya kurusha mpigo, na bila uzi huu konekta ya kwanza inazama katika eneo hilo pofu. Weka uzi wa namna hiyo hiyo upande wa mwisho pia, la sivyo konekta ya mwisho haitapimwa. Mchoro utaonyesha tu kwamba uzi umeishia hapo.

Halafu mipangilio. Kitufe cha kupima kiotomatiki ni kizuri kwa kuanzia, si kwa kukabidhi kazi.

Upana wa mpigo ndio wenye maamuzi. Mpigo wa nanosekunde 10 una azimio la kama mita 1, wa nanosekunde 100 mita 10, wa mikrosekunde 1 mita 100. Mpigo mfupi unatenganisha matukio yaliyo karibu lakini mwanga wake ni mdogo, hauendi mbali. Mrefu unafika mbali na kuyameza yaliyo karibu. Kwa kilomita 18 zetu, nanosekunde 100 hadi 300 zinafaa kwa mchoro mzima, kisha rudia kwa mpigo mfupi kuona yaliyojiri karibu na paneli. Masafa yaweke mara moja na nusu hadi mbili ya urefu wa laini. Muda wa kukusanya wastani, angalau sekunde 30. Mchoro wenye chenga nyingi mwishoni unaomba muda zaidi au mpigo mpana zaidi.

Namba iliyoandikwa IOR kwenye menyu ndiyo inayogeuza muda kuwa umbali. Kwa nyuzi nyingi za G.652 ni kama 1.468. Ichukue kwenye karatasi za mtengenezaji wa kebo. Na ukumbuke kwamba umbali unaosoma ni wa uzi, si wa barabara. Nyuzi zimezungushwa ndani ya kebo, na kebo imeachiwa ziada kwenye kila shimo. Anayechimba kwenye mita 12,400 kwa sababu mashine imesema 12,400 atachimba mahali pasipo na kosa. Tafuta tukio linalojulikana lililo karibu, splaisi ya shimo fulani, na upime kutoka hapo.

Kwenye mchoro, mstari unaoshuka taratibu ni uzi wenyewe. Ngazi isiyo na kilele ni splaisi au mpindo. Kilele chenye ngazi ni konekta. Kilele kidogo kisicho na ngazi, kilichokaa mara mbili kamili ya umbali wa konekta yenye mwakiso mkali, ni mzimu: mwanga ulioenda na kurudi mara mbili. Usiupeleke kwenye ripoti kama tukio.

Sasa lile la 1310 na 1550, ambalo kwangu ndilo lenye faida kuliko yote katika hatua hii. Splaisi mbaya hupoteza karibu sawa kwenye mawimbi yote mawili. Mpindo hauko hivyo: 1310 inapita bila kulalamika sana, 1550 inamwagika nje. Niliwahi kukata na kuchomelea upya splaisi moja mara tatu, kila mara mashine ya splaisi ikikadiria 0.02, kila mara OTDR ikionyesha 0.6 mahali pale pale. Nilikuwa napima 1550 peke yake. Nilipobadilisha kwenda 1310 likatoka 0.05. Splaisi haikuwa na kosa lolote. Uzi ulikuwa umebanwa na kifuniko cha trei, nami nilikuwa nafungua trei, nachomelea, na kukibana tena kwa mkono wangu mwenyewe. Ukitaka kuona mipindo mapema zaidi, nanomita 1625 ni kali kuliko 1550.

Pima kutoka pande zote mbili. Splaisi inayounganisha nyuzi mbili zenye vipenyo vya mwanga vinavyotofautiana kidogo huonekana mbaya ukitokea upande mmoja, na kama imeongeza mwanga ukitokea upande mwingine. Upande wa A unasoma 0.25, upande wa B unasoma −0.11. Wastani ndio ukweli: (0.25 − 0.11) ÷ 2 = 0.07. Anayepima upande mmoja tu atavunja splaisi nzuri na kusifu mbovu.

Mwakiso nao uangalie. Konekta ya UPC inayofanya kazi hurudisha mwanga ulio chini kwa desibeli 50 au zaidi, APC 60 au zaidi. Konekta inayosoma 30 ni chafu, imekwaruzika au haijagusana, hata kama upotevu wake unaonekana mzuri.

Mtawanyiko: lini ni lazima, lini ni ziada

Laini inaweza kuwa na mwanga wa kutosha na bado ishindwe, kwa sababu mipigo inatanuka njiani na kugongana. Mtawanyiko wa rangi kwenye G.652 ni kama pikosekunde 17 kwa nanomita kwa kilomita kwenye 1550. Laini yetu: 17 × 18 = 306. Mfumo wa kawaida wa gigabiti 10 unavumilia 800 na zaidi, kwa hiyo hakuna hofu. Kwa kilomita 80 ungefika 1,360, na hapo transiva lazima iwe iliyotengenezwa kwa masafa hayo, au uweke kifidia. Uvumilivu huu hupungua kwa mraba wa kasi: ukipanda mara nne, kutoka 10 hadi 40, unabaki na sehemu moja ya 16.

Mtawanyiko wa upolarishaji, PMD, hukua kwa kipeuo cha pili cha umbali. Kikomo cha G.652.D ni pikosekunde 0.20 kwa kipeuo cha kilomita, kwa hiyo kilomita 18 zinatoa chini ya pikosekunde 1. Gigabiti 10 inavumilia wastani wa 10, gigabiti 40 ya kizamani 2.5. Tatizo liko kwenye kebo za zamani zilizotengenezwa kabla vikomo hivi havijakaza, na kwenye kebo za juu ya nguzo zinazoyumbishwa na upepo na joto. Huko pima, tena kila uzi peke yake, kwani nyuzi mbili za kebo moja zinaweza kutofautiana sana. Mitambo ya kisasa inayosoma mwanga pamoja na awamu yake hurekebisha mitawanyiko yote miwili kwa hesabu za kidijiti. Kwa laini fupi mpya, usitoze wala usilipie kipimo hiki.

Biti zenyewe

Mwisho, unganisha kipima biti au transiva halisi na upeleke data. Kikomo cha Etheneti ya gigabiti 10 ni kosa moja kwa biti 10¹². Kwa kasi hiyo, biti 10¹² zinapita kwa sekunde 100. Lakini kukaa sekunde 100 bila kosa hakuthibitishi chochote. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, lazima zipite mara tatu ya idadi hiyo bila kosa hata moja: sekunde 300, dakika tano. Kwa gigabiti 1 ni dakika 50. Mimi huacha saa 24 nikipewa nafasi, kwa sababu makosa ya joto la mchana na baridi ya usiku hayaonekani kwa dakika tano. Kama mtambo una mfumo wa kusahihisha makosa, soma hesabu ya makosa kabla ya kusahihishwa. Baada ya kusahihishwa kila laini ni malaika mpaka siku inapokufa ghafla.

Kwa vifurushi vya data, RFC 2544, hati ya upimaji ya mwaka 1999, inapima kasi, ucheleweshaji, upotevu wa vifurushi na mfululizo, kwa ukubwa kuanzia baiti 64 hadi 1518. Iliandikwa kwa maabara, na RFC 6815 ya mwaka 2012 ilionya wazi isitumike kwenye mitandao iliyo kazini. Kwenye laini isiyo na mteja bado inafaa. Penye huduma kadhaa juu ya laini moja, ITU-T Y.1564 inazipima zote kwa pamoja.

Ucheleweshaji una siri ndogo. Mwanga kwenye kioo hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kilomita 18 kwenda na kurudi ni mikrosekunde 180, pamoja na kidogo cha vifaa. Ukipata 400, data yako haipiti kwenye uzi unaodhani unaupima. Mtu amechomeka pachikodi mahali pengine.

Kumbukumbu

Hifadhi michoro ya OTDR katika faili za .sor, si picha za skrini, ili mwingine aweze kuifungua na kusogeza vialama mwenyewe. Jina la faili libebe paneli, namba ya uzi, mwelekeo na mawimbi. Pamoja nazo weka namba ya bajeti uliyoandika mwanzoni, njia ya rejea, tarehe, namba ya mashine na tarehe ya urekebishaji wake, na picha za nyuso za konekta. Kisha rudisha vifuniko kwenye kila tundu la paneli lisilotumika, lile la upande wa nyuma nalo.